Mvinyo Katika Chungu cha Moto

Majina ya mahali aghalabu husema ukweli ambao wenyeji wameuzoea hata hawausikii tena. Katika kisiwa cha Fogo, mojawapo ya visiwa 10 vya Cape Verde vilivyomo katika bahari ya Atlantiki, pana bonde liitwalo Chã das Caldeiras. Kwa Kireno, chã ni uwanda, na caldeiras ni vyungu au masufuria makubwa ya kuchemshia. Fogo nalo maana yake ni moto. Kwa hivyo, mtu wa huko akiulizwa anakotoka, naye akajibu kwa jina kamili la kwao, huwa amesema bila ya kukusudia kwamba yeye ni mkazi wa Uwanda wa Vyungu katika Kisiwa cha Moto. Wala hapo hamna tamathali ya usemi. Bonde hilo ni kaldera, yaani shimo kubwa lililosalia baada ya kilele cha volkano ya kale kubomoka. Ndani ya shimo hilo watu wamejenga nyumba, wamelea watoto na, jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya, wamepanda mizabibu na kutengeneza mvinyo.

Ningependa kutanguliza neno moja la tahadhari. Si nia yangu kumshawishi msomaji aonje kitu ambacho dini yake imemharamishia au tabibu wake amemkataza. Mvinyo hapa ni mlango tu wa kuingilia katika suala zito zaidi, nalo ni hili: ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba mahali fulani hapafai kuishi watu? Je, ni yule apimaye hatari kwa vyombo, au ni yule ambaye riziki yake imo ndani ya udongo wa hatari hiyo hiyo?

Kwanza tutazame namna mzabibu ulivyofika mahali usipotarajiwa. Wataalamu wa kilimo hiki huuchora ulimwengu kwa mikanda miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini mwa ikweta, kati ya nyuzi 30 na 50 hivi. Ufaransa, Italia, Uhispania, Chile na Afrika Kusini zote zimo katika mikanda hiyo. Fogo haimo. Kisiwa hicho kiko kwenye nyuzi 15 kaskazini ya ikweta, katika latitudo ya nchi za Saheli, na jirani yake wa karibu barani ni Senegali. Hakina mto utiririkao mwaka mzima. Mvua zake huja kwa miezi michache, aghalabu kati ya Agosti na Oktoba, na iko miaka ambapo haziji kabisa. Katika miaka ya 1940 ukame ulileta njaa iliyoangamiza makumi ya maelfu ya watu katika visiwa vya Cape Verde, na wengi walionusurika walilazimika kuhama kwenda Marekani, Senegali na Ureno, au kupelekwa kwa mkataba kufanya kazi katika mashamba ya kakao ya São Tomé. Nchi ya namna hii ingedhaniwa kuwa ya mbuzi na miiba, si ya zabibu.

Lakini Fogo ina mlima, na mlima ndio uliobadilisha hesabu. Kilele chake, Pico do Fogo, kina urefu wa mita 2,829. Msomaji aliyewahi kupanda Longonot, wenye mita 2,776, atakisia kimo hicho bila ya taabu. Tofauti ni kwamba Longonot umesimama juu ya sakafu ya Bonde la Ufa ambayo yenyewe imekwisha kuinuka, ilhali Pico do Fogo unachomoza kutoka baharini. Sakafu ya kaldera iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, karibu sawa na Nairobi. Mchana jua ni kali na usiku ni baridi. Mzabibu, ambao huko Ulaya hupumzishwa na majira ya kipupwe, hapa hupata ahueni yake kutokana na baridi ya mwinuko.

Upande wa magharibi bonde limezungukwa na ukuta wa mwamba uitwao Bordeira, ambao mahali pengine unakaribia urefu wa kilomita moja. Upande wa mashariki hakuna ukuta. Makumi ya maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo wa mlima ulimeguka na kutumbukia baharini. Mnamo mwaka wa 2015 wanasayansi walichapisha ushahidi kwamba maporomoko hayo yaliinua wimbi kubwa ajabu, lililorusha mawe mazito katika kisiwa jirani cha Santiago, juu kiasi cha mita 200 kutoka usawa wa bahari. Nayataja haya ili msomaji afahamu kwamba hakuna mkazi wa Chã awezaye kusema hakuonywa. Onyo limesimama mbele yake kila aamkapo.

Mgeni apandaye huko hutoka mji wa São Filipe, ulioko pwani, kwa barabara ya mawe yaliyopangwa kwa mikono. Gari huzunguka na kuzunguka, rangi ya kijani hupungua, hata lifikapo kwenye mdomo wa kaldera rangi husalia moja tu, nayo ni nyeusi. Ardhi ni nyeusi, kuta za nyumba ni nyeusi, na mlima wenyewe, uliosimama katikati kama pia iliyopinduliwa, ni mweusi kuanzia chini hadi juu. Zamani wenyeji wengi waliishi katika vibanda vya duara vya mawe ya volkano vilivyoezekwa kwa nyasi, vinavyoitwa funco. Mtu wa kwetu akiviona havimpi taabu. Ni nyumba za msonge, ila ukuta wake ni wa mawe badala ya udongo.

Katikati ya weusi huo mgeni huona vishimo vingi, na katika kila kishimo pana kichaka kilichojilaza chini. Hiyo ndiyo mizabibu. Haikupangwa kwa mistari iliyonyooka wala haikutambazwa juu ya nyaya, kama ilivyo katika picha za mashamba ya Ulaya. Kila mzabibu umepewa shimo lake na nafasi yake, mbali na mwenziwe, kwa sababu maji hayatoshi kugawanywa. Jivu na changarawe za volkano, ambazo kwa macho ya mgeni ni taka za moto, hufanya kazi ya blanketi. Zinanyonya umande wa usiku na ukungu upitao, kisha zinauficha unyevu huo usikaushwe na jua. Mizizi huteremka chini kuutafuta. Hakuna mfereji wala mpira wa kunyunyizia. Kando ya mizabibu hupandwa maharage, mitini, mikomamanga, mipichi na hata mitofaa. Wakati wa kuvuna huwa katikati ya mwaka, kabla ya mvua kushika.

Aina mbili za zabibu ndizo mashuhuri huko: nyeupe ya ukoo wa muskateli, na nyeusi ambayo wenyeji huiita kwa jina lisilo na madaha, Preta Tradicional, yaani Nyeusi ya Jadi. Katika nyumba nyingi mvinyo hutengenezwa kwa vyombo vichache, kwa matumizi ya familia na ya wageni wapitao. Mvinyo huo wa nyumbani huitwa manecom. Hauna lebo, hauna mwaka wa kuzaliwa, na ladha yake hutofautiana kati ya nyumba na nyumba kama mchuzi unavyotofautiana kati ya jiko na jiko.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 wakulima wadogo wa bonde hilo walijiunga katika ushirika, wakasaidiwa na mradi wa Waitaliano, wakajenga kiwanda chao kidogo. Kila mwanachama alileta zabibu za vishimo vyake, zikapimwa, zikakamuliwa pamoja, na mvinyo ukatiwa katika chupa zenye jina la Chã. Ndipo haba na haba ilipojaza kibaba. Watu ambao awali walikuwa wakiuza matunda kwa bei ya kuoza, au wakinywa mavuno yao wenyewe, wakaanza kuuza kitu kilichokamilika, chenye jina la kwao juu yake. Baadaye viwanda vingine vidogo vya watu binafsi vilizuka. Chini zaidi kwenye miteremko ya kisiwa, wamisionari Wakapuchini kutoka Italia wakaanzisha shamba lao kubwa la mizabibu ili pato lake lisaidie kazi za huruma kisiwani. Kwa nchi iagizayo sehemu kubwa ya chakula chake kutoka nje, chupa moja ya kuuza si jambo dogo.

Kiwanda cha mvinyo kwa Kireno huitwa adega. Wanaisimu wanalifuatilia neno hili hadi kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya ghala, mahali pa kuwekea vitu visipotee. Nitarejea kwenye maana hiyo baadaye, kwa sababu historia ya Chã imeifanyia neno hilo kejeli kubwa.

Kabla ya hapo, msomaji aniruhusu nitoke kidogo katika zabibu niingie katika maneno, maana ndiyo taaluma yangu, na yapo maneno ambayo yameunganisha bonde hilo na pwani yetu kwa kamba ambayo wengi wetu hatujaiona. Sisi Waswahili tunaliita tunda lenyewe zabibu, kutokana na neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni zabibu kavu. Mwarabu akitaka kutaja zabibu mbichi hutumia neno jingine kabisa. Hii ina maana kwamba wahenga wetu waliokaa pwani walilijua tunda hili kwanza likiwa limekaushwa, likishushwa kutoka majahazini. Walipokuja kuliona likiwa bichi kwenye kikonyo, tayari walikuwa na jina lake, na jina hilo likabaki.

Kinywaji nacho tunakiita mvinyo, na neno hili halikutoka Arabuni. Ni la Kireno, vinho, lililovishwa kiambishi chetu likakaa katika ngeli yetu bila ya ugomvi. Limekuja pamoja na ndugu zake meza na bendera. Historia inatuonyesha njia yake kwa uwazi. Mwishoni mwa Julai 1497 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga katika kisiwa cha Santiago, jirani wa Fogo, zikachukua maji, nyama na kuni. Mnamo Aprili 1498 merikebu hizo zilikuwa Mombasa, kisha Malindi. Tangu hapo hadi Ngome ya Yesu ilipowatoka Wareno mnamo 1698, miaka 200 ya mapigano na biashara ilituachia maneno hayo.

Visiwa vya Cape Verde havikuwa na wenyeji kabla ya Wareno kufika katika karne ya 15. Waliovijaza ni Waafrika waliotekwa katika pwani ya Guinea, wakapelekwa Santiago na Fogo kulima pamba na kufuma nguo. Kutokana na kukutana huko kwa uchungu ilizaliwa lugha ya Kikrioli, ambayo leo ndiyo lugha ya nyumbani ya kila mtu visiwani, ijapokuwa Kireno ndicho kinachotumika serikalini na shuleni. Kikrioli kikiandikwa kwa alfabeti iliyoidhinishwa na serikali yao, neno la samani ya kulia huandikwa meza, herufi kwa herufi kama tulivyozoea kuliandika sisi. Na sikukuu kubwa ya São Filipe, inayofikia kilele tarehe mosi Mei, huitwa Bandera. Hata hivyo, undugu huu wa maneno usitudanganye. Meza na bendera zilifika kwetu na kwao kwa merikebu za namna moja. Tofauti ni kwamba sisi tuliyapokea maneno hayo tukiwa na lugha yetu, nao waliyapokea wakiwa wamenyang'anywa zao.

Mizabibu nayo ilifika Fogo kwa mkono wa kikoloni. Wenyeji wa Chã humtaja sana Mfaransa wa ukoo wa kikabaila, Armand de Montrond, aliyefika kisiwani katika karne ya 19, akafanya makao, akazaa na wanawake wa huko watoto wengi, na ambaye husimuliwa kwamba alileta miche ya mizabibu kutoka kwao. Hadi leo jina la Montrond ni la kawaida katika bonde hilo, na wageni hushangaa kuwaona watoto wa Kiafrika wenye nywele za dhahabu na macho ya rangi ya bahari. Lakini kabaila huyo alikwisha kufa zamani. Waliochimba shimo la kila mzabibu, wakalizibua kila jivu lilipolijaza, wakapogoa matawi mwaka baada ya mwaka, si yeye. Mche unaweza kuwa wa mgeni. Shamba ni la aliyelilima.

Sasa turejee kwenye moto. Mlipuko mkubwa wa mwaka 1680 ulifunika mashamba kwa jivu na kuwafanya wengi wakimbilie kisiwa jirani cha Brava. Katika karne ya 20 mlima ulilipuka mnamo 1951 na tena mnamo Aprili 1995. Mwaka huo wa 1995 wakazi wa kaldera waliondolewa, kijiji kidogo cha Boca Fonte kikamezwa na lava, na serikali ikawajengea wahanga nyumba chini ya mlima, katika sehemu kama Achada Furna. Nyumba zilikuwa imara. Zilikuwa salama. Lakini hazikuwa na mizabibu. Baada ya muda mfupi wengi walikuwa wamerudi juu.

Tarehe 23 Novemba 2014, asubuhi ya Jumapili, mlima ulifunguka tena. Watu zaidi ya 1,000 waliondolewa. Safari hii lava ilielekea kwenye vijiji vyenyewe, Portela na Bangaeira. Haikuja kwa kasi ya mafuriko. Ilisonga polepole, siku ikasimama, siku ikaendelea, hata wenye nyumba wakapata nafasi ya kung'oa milango, madirisha na mabati, wakayapakia garini huku ukuta mweusi wenye moto tumboni ukikaribia ua. Mwanzoni mwa Desemba Portela ikazama, na siku chache baadaye Bangaeira ikafuata. Shule ilikwenda. Makao makuu ya hifadhi ya taifa ya mlima huo, jengo la kupendeza lililokuwa bado jipya, yalikwenda. Na kiwanda cha mvinyo cha ushirika kilikwenda. Adega, ghala la kuwekea vitu visipotee, ikapotea yenyewe. Mlima ulinyamaza tarehe 8 Februari 2015.

Jambo moja la kushukuriwa ni kwamba mlipuko huo haukuua mtu. Dalili zilionekana mapema, amri ya kuondoka ilitolewa, na watu wakaitii. Wengi walipewa hifadhi katika nyumba zile zile za Achada Furna walizojengewa wazazi wao mnamo 1995. Hapo ndipo serikali ilipowasihi wasirudi kujenga katika kaldera, nao wakarudi. Jivu lilikuwa bado halijapoa vizuri. Walianza kuchimba njia kwa sururu juu ya lava, wakafukua nyumba zilizofunikwa nusu, wakajenga vyumba vya wageni juu ya paa za vile vilivyozikwa. Katika baadhi ya nyumba hizo mpya sakafu iliendelea kuwa na joto kwa muda mrefu. Na baada ya kiwanda kupotea, mvinyo ulitengenezwa tena, kwa kuwa mashamba mengi ya mizabibu yalisalia pale ambapo nyumba hazikusalia.

Wapo wanaowaita watu hao wakaidi. Nimesikia hoja yao, na si hoja ya kupuuzwa. Kati ya 1951 na 1995 ni miaka 44. Kati ya 1995 na 2014 ni miaka 19. Mlima hauna ahadi. Kila wakirudi, wanaitwika serikali maskini mzigo wa kuwaokoa, kuwatengenezea barabara na kuwajengea shule upya. Ni haki gani, huulizwa, impayo mtu mmoja ruhusa ya kukaa mdomoni mwa volkano kwa gharama ya wengine? Atakayesema kwamba swali hili ni la kijinga hajawahi kukaa katika ofisi ya bajeti.

Lakini hoja hiyo ina tundu moja, nalo ni kubwa. Inahesabu gharama ya kurudi, haihesabu gharama ya kutorudi. Mkulima wa Chã akihamishiwa chini hapewi shamba jingine la jivu lenye umande, kwa sababu halipo. Huko chini jua ni kali, mvua ni chache zaidi, na mzabibu huko hutaka umwagiliaji ambao mtu wa vishimo viwili vitatu hana uwezo nao. Anapewa nyumba. Nyumba bila ya riziki ni chumba cha kusubiria, na kwa vijana wa Cape Verde kinachosubiriwa kwa kawaida ni ndege ya kwenda Boston au Lisbon. Kumpa mkulima wa zabibu nyumba pasipo na zabibu ni sawa na kumpa mvuvi wa Lamu nyumba nzuri Wajir, kisha kumshangaa akirudi pwani.

Amílcar Cabral, aliyeongoza ukombozi wa Guinea-Bissau na Cape Verde hadi alipouawa tarehe 20 Januari 1973, alikuwa mtaalamu wa kilimo. Miongoni mwa maandishi yake ya awali ni uchunguzi wa mmomonyoko wa ardhi. Alianza kwa kuuchunguza udongo kabla ya kuuchunguza utawala. Kwa maoni yangu, huo ndio utaratibu ambao ofisi nyingi zinazohamisha watu duniani huupindua. Huanza na ramani, zikaja kwenye majengo, na udongo hukumbukwa mwisho, wakati wa kueleza ni kwa nini waliohamishwa hawakukaa.

Sisemi kwamba watu waachwe wafe kwa heshima ya mila. Mafanikio ya 2014 yanatuonyesha njia ya kati. Watu hawakufa kwa sababu mlima ulikuwa ukisikilizwa na kwa sababu palikuwa na njia ya kutokea. Basi fedha ambazo zingetumika kuwajengea nyumba watakazozihama zitumike kuongeza vyombo vya kuusikiliza mlima, na kuhakikisha kwamba barabara za kutorokea ni zaidi ya moja. Nyumba zinazojengwa kaldera ziwe nyepesi, zijulikane kuwa ni za muda. Na ushirika wenyewe ujifunze kutoka kwa adega iliyozikwa: zabibu zikamuliwe juu, lakini mvinyo ulio tayari uteremshwe uwekwe São Filipe. Ghala lisiwe chunguni. Kwa namna hiyo, siku moto utakapokuja tena, utachukua kuta za mwaka huo, hautachukua mavuno ya miaka mitano.

Zaidi ya yote, wakazi wenyewe waketi kwenye meza ambapo maamuzi hayo yanafanywa. Elimu ya mtaalamu wa volkano ni ya lazima, lakini si elimu pekee iliyopo. Mtu ambaye babu yake alifukua mashimo baada ya 1951, baba yake baada ya 1995, naye mwenyewe baada ya 2014, anazo data zake, ijapokuwa hakuziandika. Anajua lava ilipita wapi, ilisimama wapi, na jivu la mwaka gani lilifaa kwa mizabibu na la mwaka gani lilikuwa na chumvi ya moto. Kumwita mkaidi ni kukataa kumsikiliza shahidi.

Mzabibu hauzai mwaka unaopandwa. Hutaka miaka mitatu hivi kabla ya kutoa shada la maana, na miaka mingi zaidi kabla ya kufikia ubora wake. Kwa hivyo kila mche unaotiwa shimoni katika Chã das Caldeiras ni kauli kuhusu wakati ujao, inayotolewa na mtu ambaye ana sababu zote za kutouamini wakati huo. Wanaopanga maisha ya watu hawa kutoka mbali wana haki ya kuwaonya, na wana wajibu wa kuwaokoa. Lakini kabla ya kuwaandikia amri ya kuhama, wangefanya vyema kuhesabu ni miche mingapi iliyopandwa tangu 2015. Hiyo nayo ni kura.